La Mgambo Likilia: Logi, Tahadhari na Bildi Zinazojianzisha

Haya niliyasema mbele ya wahandisi wa programu wenzangu, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, nimefurahi kuwaona mmejaza viti vya mbele, maana sehemu kubwa ya maneno yangu ya leo ni yenu.

Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Methali hii tunaitamka kila siku, lakini nadhani tumesahau picha iliyomo ndani yake. La mgambo ni mbiu, na mbiu ni pembe. Ikipigwa mjini, watu walitoka majumbani, wakakusanyika, wakasikiliza: kuna nini, wapi, kimempata nani. Baada ya kujua ndipo wakaamua kama ni la kushika jembe, la kushika ndoo au la kurudi ndani. Hakuna aliyesikia pembe akachukua shoka na kwenda kubomoa ukuta wa jirani kwa sababu tu pembe imelia.

Mifumo tunayoitengeneza ina mbiu zake, nazo ni tahadhari zinazotokana na logi, yaani kumbukumbu ambazo programu inajiandikia ikiwa kazini. Siku hizi hatuishii kuzisikiliza. Tumeziunganisha moja kwa moja na mashine za bildi. Programu iliyo kazini inaandika mistari ya logi. Kitu kama Loki, Elasticsearch au Splunk kinaisoma mistari hiyo. Kuna kanuni inayosema makosa ya aina fulani yakizidi idadi fulani ndani ya dakika kadhaa, tahadhari itumwe. Na badala ya kwenda kwenye simu ya mtu peke yake, tahadhari inagonga mlango wa Jenkins au wa GitHub Actions, vifaa vinavyoendesha bildi, na kusema: anza. Bildi inaanza, yaani msimbo, ndiyo maandishi ya programu, unachukuliwa, unakusanywa, unapimwa na kufungashwa, bila mtu kugusa kitu.

Kila kimoja kati ya vitu hivi ni cha zamani. Syslog, utaratibu wa kuandika na kutuma logi, ilianzishwa na Eric Allman miaka ya 1980, pale Berkeley, kama sehemu ya mradi wake wa barua pepe wa Sendmail, na ngazi zake nane za uzito, kuanzia 0 ya maafa hadi 7 ya uchunguzi, tunazitumia mpaka leo. Jenkins ilizaliwa ikiitwa Hudson, mikononi mwa Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems, ikabadilishwa jina mwaka 2011. Kipya ni kuvifunga viwili hivi kamba moja. Tulizoea bildi ianzishwe na mtu anapoleta badiliko, au na saa inapogonga usiku wa manane. Sasa inaanzishwa na malalamiko ya programu yenyewe ikiwa kazini. Ni jambo zuri, na nimekuja kulitetea. Lakini nimekuja pia kueleza lilivyotuumiza.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza mfumo wa kupokea ada za shule kwa simu. Mzazi analipa, ujumbe wa malipo unaingia kwetu, sisi tunautafutia mwanafunzi wake, shule inaona deni limefutika. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na mwezi wake mgumu ni Januari, kwa sababu shule zinafunguliwa na wazazi wote wanalipa wiki hiyo hiyo.

Tulikuwa tumeunganisha logi na bildi, na tulijivunia. Mistari yenye maneno "malipo hayana mwanafunzi" ikizidi 20 ndani ya dakika 5, tahadhari inalia, bildi inaanza, majaribio yote yanaendeshwa, na matokeo yanabandikwa kwenye tahadhari ile ile. Majaribio yakifaulu yote, tahadhari inafungwa yenyewe kwa alama ya kijani. Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichotuponza.

Ijumaa moja saa tatu usiku tahadhari ililia. Bildi ikaanza, ikamaliza baada ya dakika kama kumi, kijani kitupu. Tahadhari ikafungwa. Ikalia tena, ikafungwa tena. Mwenzetu wa zamu aliziona zile alama za kijani kwenye simu yake, akalala. Simlaumu, maana sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba kijani ni salama. Jumamosi ikapita hivyo, na Jumapili pia. Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu na mhasibu wa shule moja. Watoto wamezuiwa getini. Mama amesimama pale na ujumbe wa malipo kwenye simu yake, anamwonyesha mlinzi. Mlinzi anamwonyesha orodha iliyotoka kwetu. Orodha yetu inasema hajalipa. Na mtoto yuko katikati yao, begi mgongoni.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Toleo lililokuwa laivu, yaani lile watu walilokuwa wakilitumia, lilijua namba za simu zinazoanza na 0. Upande uliokuwa unatutumia ujumbe wa malipo ulikuwa umeanza, Ijumaa ile jioni, kuziandika kwa 255, namba ya nchi yetu. Basi kila malipo yaliyokuja na namba ya aina hiyo yalikosa mwenyewe. Lakini kwenye tawi kuu la msimbo wetu, yaani nakala kuu ambamo mabadiliko mapya hukusanywa, mwenzetu mmoja alikuwa ameshaiandika upya sehemu ile tangu Jumanne, ikizipokea namba za aina zote mbili, ila ilikuwa bado haijapandishwa laivu. Sasa bildi ilipoitwa na tahadhari ilichukua msimbo upi? Ilichukua wa tawi kuu, mpya kabisa. Ikaupima, ikaukuta mzima, ikatuambia hakuna shida. Tulimpima damu mtu mwingine, kisha tukampa mgonjwa cheti cha afya.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Tahadhari ya logi ni ushahidi juu ya toleo fulani, lililo kwenye seva fulani, saa fulani. Bildi inayoanzishwa nayo haina maana yoyote isipokuwa imechukua toleo hilo hilo. Na vifaa vyetu, tukiviacha kama vilivyokuja, havifanyi hivyo. Ukiianzisha GitHub Actions kutoka nje kwa tukio la repository_dispatch, inaendesha badiliko la mwisho la tawi kuu. Kazi ya Jenkins uliyoielekeza kwenye tawi kuu nayo inachukua ncha ya tawi hilo kama ilivyo dakika ile. Vifaa havikukosea. Vilitengenezwa vijibu swali moja: badiliko hili jipya ni zima? Sisi tulikuja na swali jingine, kwamba lile la wiki iliyopita lililo kazini limeugua nini, na hatukuviambia kwamba swali limebadilika.

Tiba yake ni ya kazi ya mikono, haina uchawi. Kila badiliko kwenye Git, kifaa kinachotunza historia ya msimbo, lina utambulisho wake wa herufi na tarakimu 40. Tulianza kuuchapa utambulisho huo ndani ya programu wakati wa kuifungasha, programu ikiamka inaujua, na kila mstari wa logi unaubeba. Kanuni ya tahadhari inapokusanya makosa inayapanga kwa utambulisho huo, ili makosa ya matoleo mawili yasichanganywe kapu moja. Tahadhari inapogonga mlango wa Jenkins inaupeleka kama kigezo, na bildi inachukua msimbo wa badiliko hilo, pamoja na vifurushi vya nje vya matoleo yale yale yaliyofungwa siku ile, si vilivyotoka jana. Tahadhari ikija bila utambulisho, bildi haianzi kabisa. Anaamshwa mtu. Ni afadhali mtu aamshwe bure kuliko kupewa kijani cha uongo.

Nitawapa mfano mkubwa kuliko wetu, ulio kwenye kumbukumbu za umma, kwa sababu unaonyesha pande zote mbili za jambo hili kwa wakati mmoja.

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kasi kwenye soko la New York, iliingia sokoni na msimbo mpya. Ulitakiwa uwekwe kwenye seva 8. Fundi aliuweka kwenye 7, ya nane ikasahaulika, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Kwenye seva hiyo ya nane kulikuwa na kipande cha msimbo wa kale kiitwacho Power Peg, ambacho kampuni iliacha kukitumia tangu 2003 lakini haikukifuta. Msimbo mpya ulitumia tena alama ile ile iliyokuwa ikikiamsha. Soko lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za huko. Ndani ya dakika kama 45 mfumo ulikuwa umefanya miamala zaidi ya milioni 4 kwenye hisa za kampuni 154, na hasara ikapita dola milioni 460.

Sasa sikilizeni upande wa logi. Kuanzia muda mfupi baada ya saa mbili asubuhi, zaidi ya saa nzima kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wao wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikitaja kosa la Power Peg. Tisini na saba. Barua hizo hazikuwa zimepangwa kuwa tahadhari, zilikuwa ni ujumbe wa kawaida wa mfumo, kwa hiyo hakuna aliyezifanyia kazi. Mbiu ililia mara 97 na mji mzima ulikuwa kimya. Mtu akitaka kuniuliza kwa nini ninatetea kufunga logi na mashine inayotenda, jibu langu ni hilo. Laiti mojawapo ya barua zile ingeamsha kazi ndogo ya kulinganisha toleo la kila seva, seva ya nane ingeonekana kabla ya saa tatu.

Upande wa pili unauma zaidi. Hasara ikiwa inaendelea, mafundi walifanya kile ambacho wengi wetu tungekifanya: waliamini msimbo mpya ndio mbaya, wakauondoa kwenye zile seva 7 na kurudisha wa zamani. Seva 7 zilizokuwa nzima sasa nazo zikaanza kufanya kama ile ya nane, maana ule wa zamani ndio uliokuwa na Power Peg. Dawa ikaongeza ugonjwa. Walikuwa ni binadamu wenye akili na uzoefu, chini ya shinikizo. Mashine iliyoamriwa "ukisikia kosa, rudisha toleo la nyuma" ingefanya hivyo hivyo, ila kwa haraka zaidi.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: tahadhari iruhusiwe kuanzisha bildi wakati wowote, usiku au mchana, bila ruhusa ya mtu, mradi bildi hiyo inakusanya ushahidi. Kupandisha kitu laivu ni jambo jingine, na linahitaji mtu. Nakubali kipengele kimoja tu. Kama toleo jipya lina chini ya nusu saa laivu, halikugusa muundo wa kanzidata, na seva zote zimethibitika kuwa na toleo moja, basi mashine irudishe toleo lililotangulia. Zaidi ya hapo sikubali, na nimebishana na marafiki zangu wengi juu ya hili.

Ushahidi wa namna gani? Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Bildi yetu sasa inachukua toleo lililolalamika, inaliendeshea majaribio ya kawaida, kisha inalipa maumbo ya data yaliyosababisha kosa. Majaribio ya zamani yakifaulu na data mpya ikiliangusha toleo, tunajua dunia ya nje ndiyo iliyobadilika, kama ilivyokuwa kwa zile 255. Data ikiliangusha toleo la leo lakini haikuliangusha la mwezi jana, basi sisi ndio tulioharibu, na mashine inaendelea mbele kumtafuta mkosaji kwa git bisect. Inagawa orodha ya mabadiliko katikati, inapima, inatupa nusu, inagawa tena. Mabadiliko 1,000 yanahitaji vipimo kama 10 tu. Kazi hiyo ikianza saa nane usiku, mtu akiamka alfajiri anakuta jina la badiliko lenyewe, hakuti ukurasa wa makosa mekundu. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hili likifanya kazi nilikaa kitandani nikausoma ule ujumbe mara mbili.

Kuna mambo ya ufundi ambayo nitayapitia haraka, kwa sababu yameandikwa kwenye miongozo ya vifaa, ila watu huyagundua wakiwa wameshaumia.

Kwanza, kengele moja hulia mara nyingi. Alertmanager, kifaa kinachosambaza tahadhari, isipobadilishwa husubiri sekunde 30 kukusanya tahadhari za kundi moja, hutoa taarifa za nyongeza za kundi kila dakika 5, na tahadhari isiyotatuliwa huirudia kila saa 4. Na jambo linalowashangaza wengi: inapotuma kwa webhuku, yaani anwani ya mtandao inayopokea ujumbe kutoka mashine nyingine, hutuma pia ujumbe kwamba tatizo limekwisha. Mpokeaji asiyesoma neno la hali lililomo ndani ya ujumbe ataanzisha bildi ya pili kusherehekea kupona. Kila tahadhari ina alama yake ya kidole. Itumieni hiyo, pamoja na utambulisho wa toleo, kuamua kama bildi ya jambo hili imeshafanyika. Jenkins yenyewe husubiri sekunde 5 kabla ya kuanza, na maombi yanayofanana kila kigezo yakiwa bado kwenye foleni huyaunganisha kuwa moja. Kwa hiyo msitie saa ya sasa kwenye vigezo, maana kila ombi litaonekana geni.

Pili, mzunguko. Hili lilitupata wiki mbili tu baada ya kurekebisha lile la kwanza. Majaribio yetu yaliandika kwa makusudi yale maneno "malipo hayana mwanafunzi", ili kuthibitisha kwamba kosa linaandikwa. Logi za mashine ya bildi zilikuwa zinakusanywa ghala moja na logi za mfumo ulio kazini. Mnaona kilichofuata. Tahadhari ikaanzisha bildi, bildi ikaandika yale maneno, kanuni ikayahesabu, tahadhari ikalia, bildi ikaanza. Asubuhi tulikuta foleni ndefu na seva inachemka. Kila mstari wa logi useme umetoka wapi, laivu au kwenye majaribio, na kanuni ihesabu wa laivu peke yake. GitHub ina kinga dhidi ya mzunguko wa namna hii: matukio yanayotokana na tokeni yake ya ndani, yaani ufunguo wake uitwao GITHUB_TOKEN, hayaanzishi kazi nyingine. Lakini matukio ya repository_dispatch na workflow_dispatch yameachwa nje ya kinga hiyo, nayo ndiyo haya tunayoyatumia kwa tahadhari. Msiutegemee ukuta ambao mlango wenu haumo.

Tatu, na hapa naomba mnisikilize tena polepole. Mstari wa logi una maneno ya watu wa nje. Jina alilojaza mzazi, kichwa cha ombi alichokituma mgeni asiyejulikana, vyote vinaingia kwenye logi. Desemba 2021 dunia nzima ililijua hilo kupitia udhaifu wa Log4j, maktaba ya kuandika logi kwenye programu za Java, ule uliosajiliwa kwa namba CVE-2021-44228 na kupewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Mtu alihitaji tu kuifanya seva iandike kwenye logi maneno fulani aliyoyatunga, na seva ikaenda kuchukua msimbo wake na kuuendesha. Sasa fikirini: sisi tunachukua mstari wa logi, tunaufanya kigezo cha bildi, na skripti ya bildi inauweka ndani ya amri. Tumemjengea mgeni barabara ya lami kutoka kwenye kisanduku cha jina hadi kwenye mashine yenye funguo zetu zote. Tahadhari ipeleke utambulisho wa toleo, jina la kanuni na muda. Maneno yenyewe ya logi yabaki ghalani, na bildi iyasome kutoka huko kama data, isiyatamke kama amri.

Funguo nazo. Jenkins inaruhusu kuanzisha kazi kwa kuweka tokeni ndani ya anwani. Ni rahisi, na wengi wetu tulianzia hapo. Lakini anwani huandikwa kwenye logi za kila seva inayopitiwa njiani, kwa hiyo ufunguo wa mashine yako unakwenda kulala ndani ya logi zile zile ambazo nusu ya ofisi inazisoma. Wekeni tokeni kwenye kichwa cha ombi. Na kama mpokeaji mmemwandika wenyewe, ujumbe usainiwe kwa ufunguo wa siri kwa HMAC, njia ya kuthibitisha aliyeutuma, ili pembe isije ikapigwa na asiye mpiga mbiu.

Na data mnazozipeleka kwenye majaribio ni za watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wenzetu wa Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Namba ya simu ya mzazi haina sababu ya kuwepo kwenye mashine ya bildi. Sisi tunahifadhi umbo lake tu: inaanza na nini, ina tarakimu ngapi. Kwa lile kosa letu la 255, umbo lilitosha kabisa.

Kimya nacho kinahitaji kusikilizwa. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wao, walifuta kwa bahati mbaya kanzidata yao kuu, na walipokwenda kutafuta nakala za akiba walikuta hazikuwa zikifanyika. Ujumbe wa kushindwa ulikuwa ukitumwa kwa barua pepe, lakini barua hizo zilikataliwa na mfumo wa kupokea kwa sababu hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa. Walipoteza data ya saa kama 6, nao wakaandika yote hadharani kwa uaminifu ambao ninauheshimu sana. Kwa hiyo tunayo tahadhari moja inayolia daima, kwa makusudi, ikianzisha bildi tupu kila saa. Ikikosekana, tunajua kamba imekatika mahali, na mtu anaamshwa kwa njia nyingine isiyopita kwenye kamba hiyo.

Nimalizie na jambo ambalo hatujalimaliza wenyewe.

Kanuni yetu ilisema makosa 20 ndani ya dakika 5. Baada ya ile Jumatatu tulirudi kuzisoma logi za miezi ya nyuma, na tukakuta shule moja ndogo, mbali na mjini, ambayo malipo yake yalikuwa yakipotea mojamoja kwa majuma. Shule yenye wanafunzi 60 haiwezi kutoa makosa 20 ndani ya dakika 5, hata malipo yake yote yakipotea. Mbiu yetu ilikuwa inasikia shule kubwa peke yake. Tukaongeza kanuni ya pili inayotazama uwiano kwa kila shule: malipo mangapi yameingia, mangapi yamekosa mwenyewe, kwa siku nzima. Sasa tuna shida ya kinyume. Shule iliyopokea malipo mawili siku nzima, moja likiwa na kosa la kuandika la mzazi mwenyewe, inaonekana imeharibika nusu, na bildi inaanza bure. Tumejaribu kusubiri siku tatu, na siku tatu ni nyingi mno kwa mtoto aliyesimama getini. Tumejaribu kuzikusanya shule ndogo pamoja, na zikikusanywa, ile iliyoumia inafichwa na wenzake.

Kwa sasa makosa ya shule ndogo hayaanzishi bildi. Yanakwenda kwa mtu, kila jioni saa kumi na moja, na mtu huyo anampigia mhasibu wa shule. Anayeijua njia bora kuliko hiyo ashike maikrofoni, iko pale mlangoni. Nimekuja na daftari.